Nani yuko nyuma ya nesi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wauguzi kuungwa mkono kazini

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa: kwenye chumba cha chai, kwenye vikao vya wodi, na kwa wauguzi vijana wanaonipigia simu asubuhi wakiwa wametoka usiku. Nimefanya uuguzi Dar es Salaam miaka 22, saba ya mwisho nikiwa msimamizi wa wodi. Majibu ni ya kwangu. Palipo na sheria nimeitaja.

Muuguzi akisema "hapa hatujaliwi", analalamikia nini hasa?

Mara nyingi analalamikia kuachwa peke yake. Mpe muda na kikombe cha chai, atakusimulia usiku mmoja tu. Saa tisa, mama amejifungua na damu haikati. Amempigia daktari wa zamu mara nne, hapokei. Simu ya msimamizi imezimwa. Mwenzake yuko upande wa pili na mtoto aliyezaliwa bila kulia. Damu nesi ameizoea. Anachokikumbuka miaka kumi baadaye ni ile simu iliyoita mpaka ikakata.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani Robert Eisenberger na wenzake waliandika kwamba mfanyakazi hujijengea imani moja ya jumla kuhusu mwajiri wake: ananithamini au hanithamini, anajali hali yangu au hajali. Kwa niliyoyaona, imani hiyo hujengwa na visa kimoja kimoja, na kwa muuguzi vingi hutokea usiku, wakati ofisi zimefungwa.

Si ni suala la mshahara tu?

Mshahara unatangulia, na simwelewi kiongozi anayeanza na "uuguzi ni wito" wakati posho za wauguzi wake zina miezi mitatu hazijalipwa. Posho ya kuitwa kazini, fedha ya sare, malimbikizo baada ya kupanda daraja: hizo ni ahadi, na muuguzi asiyelipwa alichoahidiwa ameshajibiwa swali la thamani yake.

Ila fedha peke yake haimfungi mtu mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na uhaba mkubwa wa wauguzi. Wauguzi wabobezi wa huko wakaamua kuzichunguza hospitali ambazo, katikati ya uhaba ule, wauguzi walizipenda na kubaki, na mwaka 1983 wakazitaja 41. Walikuta mambo yanayojirudia: mkuu wa uuguzi anayeonekana wodini, muuguzi anayeachiwa maamuzi ya kazi yake, madaktari wanaomsikiliza, ratiba inayojadilika, nafasi ya kwenda kusoma. Mengi katika hayo hayasubiri bajeti ya mwaka ujao.

Muuguzi mmoja anapaswa kuhudumia wagonjwa wangapi?

Jimbo la California liliweka idadi kwenye sheria, ikaanza kutumika mwaka 2004. Leo kule ni wagonjwa 2 kwa muuguzi katika uangalizi maalumu, na 5 katika wodi za kawaida za watu wazima. Sababu ya kuhesabu inaonekana kwenye utafiti wa Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha hospitali 168. Kila alipoongezwa mgonjwa mmoja kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7, na uwezekano wa muuguzi kuchoka kupita kiasi ulipanda kwa asilimia 23. Kwa hiyo anayelalamikia uhaba wa wauguzi anamsemea mgonjwa pia.

Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022. Hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala zinapokea rufaa kutoka vituo vya pande zake zote, na mgonjwa aliyefika mapokezi harudishwi. Mimi nimefanya usiku wa wagonjwa 43 tukiwa wawili, katika hospitali nyingine kabisa, na sikuwa wa kwanza wala wa mwisho.

Msimamizi wa wodi hana mamlaka ya kuajiri. Anayo mamlaka ya kubeba uamuzi. Jioni ninayoikumbuka zaidi, matroni wetu alikuja kabla hajaenda nyumbani, akaangalia vitanda, akaandika kwenye kitabu cha ripoti: usiku huu zitangulie presha za waliopasuliwa, dawa za mishipa na watoto walio kwenye oksijeni, kuogesha na kutandika kusubiri asubuhi. Akasaini jina lake. Tulifanya kazi ileile, na watu walewale wawili, lakini mabega yalishuka. Asubuhi hakuna aliyekuja kutuuliza kwa nini shuka la kitanda cha kumi na nane halijabadilishwa. Na idadi ile aliipeleka juu kwa maandishi kila siku, mpaka wodi ikaongezewa mtu wa tatu.

Dawa na vifaa vikikosekana, nesi ndiye anayetumwa kusema "hakuna". Hilo nalo linahusika?

Linahusika sana, na watu wa ofisini huwa hawalioni. Glavu zimeisha stoo. Makadirio yalikosewa, au oda ya Bohari ya Dawa haijafika, au bima haijakubali dawa ile. Lakini anayesimama mbele ya mzee aliyekuja na daladala mbili kutoka Chanika na kumwambia "baba, hii mkanunue nje" ni nesi wa zamu. Mzee haoni stoo wala ofisi. Anaona sare. Matusi yanashuka kwenye ile sare, na maneno ya "manesi wana roho mbaya" yanaanzia hapo.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo hili lilitatuliwa kwa karatasi moja. Kila asubuhi mfamasia alibandika mapokezi na kwenye mlango wa kila wodi: vilivyopo, visivyokuwepo, vinatarajiwa lini. Chini, saini ya mganga mfawidhi. Ndugu walisoma wenyewe, na mwenye hasira alikuwa na jina la kumtafuta. Sisi tukabaki na kazi ya kuuguza.

Rosta ina uzito gani katika haya yote?

Mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tuanze na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, mapumziko kati ya siku na siku yawe saa 12 mfululizo, ya wiki saa 24, na likizo ya mwaka siku 28. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu na zisizidi 50 kwa wiki nne. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Walio serikalini wasome pia Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma.

Sheria haisemi rosta itoke lini, na hapo ndipo maisha yanapovurugika. Rosta ikibandikwa Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumatatu, muuguzi mwenye mtoto mdogo anaanza kupiga simu kumtafuta mtu wa kubaki na mtoto usiku. Ikitoka wiki mbili kabla, anapanga. Ruhusu watu wabadilishane zamu kwa maandishi. Na usimwadhibu mtu kwa rosta. Kila muuguzi anajua maana ya kupangiwa usiku mfululizo baada ya kubishana na msimamizi, hata kama hakuna anayelisema.

Kisha kuna usafiri. Zamu ya jioni inakabidhi ripoti saa moja na nusu, mtu anatoka getini saa mbili na zaidi. Anakaa Bunju, au Kongowe, au ng'ambo Kigamboni, na mbele yake kuna foleni ya kivuko au bodaboda asiyoijua. Basi dogo la hospitali linalomfikisha hata kituo kikubwa tu ni msaada ambao nesi anauona kila siku anayofanya kazi. Nimeona wauguzi wakikataa ofa yenye mshahara mkubwa zaidi kwa sababu ya basi.

Nimechomwa sindano ya mgonjwa. Nifanye nini, na hospitali inapaswa kunifanyia nini?

Osha hapohapo kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usitie jiki. Mwambie msimamizi au daktari wa zamu bila kungoja asubuhi, kwa sababu dawa za kinga dhidi ya VVU hufanya kazi vizuri zikianzwa mapema, ndani ya saa chache, na hazianzishwi tena zikishapita saa 72. Zikianza ni siku 28, na usiziache katikati hata zikikuchafua tumbo. Utapimwa siku hiyo na kurudiwa baadaye.

Ujue na hatari ilivyo, maana hofu hukua gizani. Kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, wastani ni maambukizi 3 hivi katika matukio 1,000. Homa ya ini aina ya B ni kali zaidi: kwa asiyechanjwa ni kati ya 6 na 30 katika 100. Chanjo yake ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita. Kama umeajiriwa na hujachanjwa, idai leo.

Upande wa hospitali, haya ndiyo ninayoyatazama: dawa ziwepo wodini au idara ya dharura saa 24, zisifungiwe kliniki inayofunguliwa saa mbili asubuhi. Mtu mwingine achukue wagonjwa wako papo hapo. Fomu ya ajali ijazwe siku hiyohiyo, kwa sababu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahusika na majeraha na magonjwa yatokanayo na kazi, na bila kumbukumbu utapata shida kudai. Na asiwepo wa kuuliza kwanza, "Ulikuwa unafanyaje mpaka ukajichoma?" Nilichomwa mwaka wangu wa tatu kazini, nikaulizwa hivyo mbele ya wanafunzi. Nilizinywa dawa zile siku zote 28 bila kumwambia mtu mwingine pale. Swali la sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano, lililojaa hadi mdomoni, ambalo ndilo lililosababisha, halikuulizwa kamwe.

Ndugu wa mgonjwa wakinitukana au kunishika, au kiongozi akija na kamera?

Kwa ndugu: pawe na mlinzi anayefika ukimwita, saa za kuona wagonjwa zisimamiwe na mtu asiye nesi, na anayempiga muuguzi aripotiwe polisi na hospitali yenyewe, kwa jina la hospitali. Muuguzi asiende kituoni peke yake na sare iliyochanika.

Kamera ni jambo zito zaidi. Wote tumeona picha: kiongozi anatembelea wodi, mgonjwa analalamika, nesi anaitwa mbele na kuulizwa kwa sauti ya juu, na jioni video iko kwenye kila simu. Huenda amekosea. Huenda alikuwa mmoja kwenye wagonjwa arobaini. Mwenye kujibu pale ni mganga mfawidhi au muuguzi mkuu, na neno lake liwe rahisi: "Mheshimiwa, idara hii ni yangu, naomba nikujibu mimi." Kisha kama kuna kosa lifuatiliwe ofisini kwa taratibu. Namkumbuka kiongozi mmoja aliyesema sentensi hiyo, na ninajua wauguzi ambao wangemfuata popote atakapohamishiwa.

Nimekosea dozi. Nikisema, si nitapoteza leseni?

Sema. Mgonjwa anahitaji useme ili aangaliwe. Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka juu ya leseni chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na hofu hiyo ni ya kweli, lakini kosa lililofichwa ndilo linalomuua mgonjwa na kumwangamiza muuguzi.

Sasa nageukia viongozi, kwa kuwa jibu hili ni lenu zaidi. Vichupa viwili vinavyofanana rangi vimewekwa rafu moja, kisha nesi wa saa ya kumi na moja akachukua kisichotakiwa. Ukimwandikia barua ya onyo na kuviacha vichupa pale, mwingine atavichukua mwezi ujao na hatakuambia. Vitenganishe kwanza, kisha keti na yule dada umsikilize. Uzembe wa kweli upo, wa mtu aliyelala au aliyekuja amelewa, na huo una taratibu zake. Usiuchanganye na uchovu.

Mgonjwa akifariki, muuguzi si amezoea?

Hazoei. Anajifunza kuendelea. Anafunga macho ya mtoto, anamwandaa, anampeleka mama yake kwenye benchi, na kitanda cha pili kinaita. Hamna aliyemwambia akae dakika kumi.

Shirika la Afya Duniani limeuelezea uchovu wa kazi wa aina hii kwa dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona huwezi tena kuifanya vizuri. Ile ya pili ndiyo wagonjwa wanayoiita roho mbaya. Nesi anayejibu kwa mkato mara nyingi ni nesi aliyezika wengi bila kupumua.

Kinachosaidia ni kidogo na hakina gharama. Baada ya kifo kigumu, waliokuwepo wakae pamoja kabla ya kuondoka, daktari akiwemo, wasimulie kilichotokea: nini tulifanya vizuri, nini kilituponyoka, nani hali yake si nzuri. Atakayehitaji kwenda mbali zaidi apelekwe kwa mshauri nasaha, na isiandikwe kwenye jalada lake kama udhaifu. Na msimamizi ampigie simu kesho yake mchana. Dakika mbili zinatosha.

Nina mimba. Nina haki gani kuhusu usiku?

Sheria ile ya 2004 inakataza kukupangia usiku kuanzia miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi kwa cheti cha daktari, na miezi miwili baada ya kujifungua. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi una hadi saa mbili za kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Tunawafundisha akina mama kunyonyesha miezi sita bila kitu kingine, halafu nesi wetu anakamulia maziwa chooni. Chumba kimoja chenye kiti na mlango unaofungwa kinatosha.

Mimi najitolea, sina ajira. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, na yanaumiza zaidi kwako. Vijana wengi wenye leseni wanafanya kazi kamili wodini wakisubiri ajira zitangazwe, wakipewa nauli au bila kitu. Usikubali kuachwa peke yako na wodi. Omba barua inayotaja majukumu yako, na uwe na mwenyeji mmoja wa kumuuliza. Na nyie mlioajiriwa, msimwite "wa kujitolea" mbele ya wagonjwa. Ana jina.

Kwa nini msiba ni kipimo cha jinsi uongozi unavyomjali muuguzi?

Kwa sababu kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akifiwa, anaangalia nani amekuja. Wenzake wa wodi watachanga, watakuja na kanga, watakesha. Lakini ofisi ikituma mtu, hata mmoja, akakaa kwenye mkeka na kusema "nimetumwa na uongozi", familia nzima inaona kwamba binti yao anafanya kazi mahali anapojulikana. Na ofisi ikimpigia simu siku ya pili kumuuliza atarudi lini, nalo hilo halisahauliki. Nilifiwa na mama yangu nikiwa sista mdogo kabisa. Muuguzi mkuu alikuja Mbagala kwa daladala, akakaa mpaka alasiri. Sikuomba uhamisho kwa miaka tisa.

TANNA au TUGHE?

TANNA ni chama cha kitaaluma cha wauguzi. TUGHE ni chama cha wafanyakazi kinachokutetea mbele ya mwajiri. Unaweza kuwa mwanachama wa vyote viwili. Mjue mwakilishi wa tawi lako kabla hujapata tatizo.

Na Siku ya Wauguzi, Mei 12?

Tuisherehekee, tuwashe mishumaa, tule kiapo chetu upya. Fulana nazipenda. Ila kama kuna fedha ya keki na hakuna ya balbu ya wodi, anza na balbu.

Nimeteuliwa msimamizi wiki iliyopita. Nianze na lipi?

Usizime simu usiku. Ukishindwa kupokea, wape namba ya atakayepokea. Halafu mara moja kila wiki mbili fika usiku bila kutangaza, bila daftari la makosa. Wasalimie, vua saa, pima presha vitanda sita. Kisha waulize kitu kimoja kinachowakwaza.

Usiku wangu wa kwanza niliuliza hivyo nikitegemea kusikia uhaba wa watu. Sista mmoja akaniambia taa ya chumba cha kuandalia dawa imeungua tangu mwezi uliopita, wanasoma majina ya vichupa kwa tochi ya simu. Asubuhi nilimtafuta fundi kabla sijapanda daladala kwenda nyumbani.